Kyela dhidi ya SARO 5: tunapima kwa mizani mbovu

Kila msimu wa mpunga ukikaribia, ubishi uleule unarudi. Upande mmoja unasema: achana na mbegu za asili, panda SARO 5, uvune magunia mengi. Upande wa pili unajibu: mbegu za kisasa ni mtego, turudi kwa za mababu. Pande zote mbili zinapima vibaya, na anayelipia kipimo hicho ni mkulima wa Kyela.

Tuanze na magunia. Ni kweli kwamba SARO 5, jina lake la utafiti TXD 306, huzaa kuliko Supa au Kilombero ikipata mbolea na maji yanayodhibitiwa. Sababu inajulikana. Mpunga wa asili ni mrefu. Ukiupa naitrojeni nyingi unazidi kurefuka, masuke yanaulemea, unalala. Ulio mfupi unasimama, na sehemu kubwa ya chakula chake inaenda kwenye punje badala ya bua. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoipa sifa IR8, mbegu iliyotolewa Ufilipino mwaka 1966 na kubadilisha kilimo cha Asia.

Lakini angalia hayo masharti. Sehemu kubwa ya Kyela inalima kwa mvua, kwenye tambarare ambako Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kuingia Ziwa Nyasa. Masika yakichachamaa, mito inafurika mashambani. Hapo urefu ulioitwa kasoro unageuka uhai: jani lililobaki juu ya maji linaendelea kupata hewa, lililozama siku nyingi linaoza. Majaribio ya kwenye skimu ya umwagiliaji si ya uongo. Yamejibu swali la skimu. Kuyatumia kuhukumu bonde la mafuriko ndilo kosa.

Sasa wapenzi wa mbegu za asili, msishangilie bado. Hayo majina yenyewe yanasema. Kilombero ni bonde la Morogoro, na Supa India inajieleza. Mbegu ya "asili" ni msafiri aliyefika, akachaguliwa msimu kwa msimu, akawa mwenyeji. Na mzazi mmoja wa SARO 5 ni huyo huyo Supa! Tunagombanisha mama na mtoto.

Halafu kuna hii ya "mbegu ya kisasa huwezi kuirudia". Hiyo ni habari ya mahindi chotara. Mpunga hujichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa, na SARO 5 si chotara. Ukichagua masuke safi na kuondoa mamluki, unaweza kutunza mbegu yako.

Vipi kuhusu harufu, fahari ya mchele wa Kyela? Kwenye aina nyingi za mpunga wenye harufu duniani, chanzo ni jeni moja, BADH2, iliyoharibika. Ikifanya kazi, harufu haijengeki, ikiharibika, inajengeka. Ili mmea unukie lazima urithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo ukichanganya wenye harufu na usio nayo, inajificha kizazi cha kwanza na kuibuka tena kwa baadhi ya mimea ya kizazi cha pili. Maana yake, harufu na mavuno si maadui. Ni suala la mzalishaji wa mbegu kuamua anachagua nini.

Kwa hiyo tudai jaribio la haki: mbegu zote kwenye shamba la mkulima, bondeni na mwinuko, zenye mbolea na zisizo nayo, kwa misimu kadhaa. Mwisho tusihesabu magunia tu. Tuhesabu shilingi zinazobaki baada ya kulipia mbolea na vibarua, kwa bei ambayo mchele husika unapata sokoni.

Na wakati tunasubiri, kila anayejaribu mbegu mpya abakize kipande cha ile ya zamani. Benki ya mbegu ya taifa iko Arusha, na kazi yake ni muhimu. Ila mbegu iliyogandishwa haijifunzi mafuriko ya mwaka huu. Iliyoko shambani ndiyo inayojifunza.