Sanduku, Mtaji na Leja

Mwaka 1494, katika mji wa Venice, Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati, alitoa kitabu kikubwa kiitwacho Summa de arithmetica, ambacho ndani yake mlikuwa na sehemu fupi juu ya namna matajiri wa mji ule walivyoandika daftari zao. Hakudai kuwa mwasisi wa kanuni ile, maana makarani wa serikali ya Genoa walikwisha kuitumia mwaka 1340. Fadhila yake ni kwamba aliifafanua hatua kwa hatua, hata mtu asiyepata kuketi katika ghala ya tajiri yeyote akaweza kuifuata.

Mfanyabiashara aliagizwa kwanza aorodheshe mali yake yote, fedha taslimu, vito, bidhaa, nyumba na madeni, kisha awe na vitabu vitatu: cha kumbukumbu, ambamo kila shughuli iliandikwa papo hapo kama ilivyotukia, jarida, ambamo shughuli ile ilitajwa upya pamoja na mdaiwa wake na mdai wake, na leja, ambamo kila jambo liliingia mara mbili, deni kushoto na dai kulia. Kila upande ulipokwisha kunakiliwa katika leja, mstari ulipigwa juu ya maandishi ya jarida, ili karani asisahau wala asirudie.

Kiini cha kanuni hii, kwa rai yangu, ni kule kumtenga mwenye mali na biashara yake, hata sanduku la fedha likawa mdaiwa na mtaji ukawa mdai. Tumchukue mwuza nguo aliyeanza na mtaji wa shilingi 3,000,000 taslimu, akanunua majora 20 kwa shilingi 120,000 kila jora, akauza 15 kwa shilingi 160,000. Katika mauzo hayo ya shilingi 2,400,000 alipokea taslimu 1,000,000, na nguo za shilingi 1,400,000 zilitoka kwa mali kauli. Alilipa pango la duka 200,000, akachukua 500,000 kwa matumizi ya nyumbani. Mwisho wa mwezi alifungua sanduku akakuta 900,000, na kwa kuwa alianza na milioni tatu, aliamini kwamba amepata hasara kubwa.

Leja yatoa hukumu nyingine. Majora 15 yaliyouzwa yalimgharimu 1,800,000, basi faida ghafi ni 600,000, na baada ya kutoa pango, faida halisi ni 400,000. Zile 500,000 za nyumbani si gharama ya biashara hata kidogo. Hizo huandikwa dhidi ya mtaji, ambao kwa hiyo, baada ya kuongezewa faida na kupunguzwa matumizi hayo, wasimama katika 2,900,000. Upande wa pili, sandukuni mna 900,000, wateja wanadaiwa 1,400,000, na majora matano yaliyobaki ni 600,000: jumla 2,900,000. Biashara, basi, ilipata; mwenyewe ndiye aliyekula shilingi 100,000 za mtaji. Daftari la mapato na matumizi peke yake, ambalo ndilo aghalabu huwekwa madukani, lisingeweza kumwambia hayo.

Pacioli alitaka madeni yote ya leja yajumlishwe, na madai yote kadhalika, na jumla mbili zisipolingana karani atafute kosa. Urari huo ni wa lazima, lakini hautoshi, kwani deni la mteja mmoja likiandikwa katika ukurasa wa mwingine jumla hubaki sawasawa.

Liko pia shauri lake moja nisiloafikiana nalo. Katika kuorodhesha mali alisema bei iwekwe juu kuliko chini, hata kitu cha thamani ya 20 kiandikwe 24. Shauri hilo likifuatwa katika majora yetu matano, tukayaandika kwa 150,000 kila jora badala ya 120,000 ya kununulia, faida itasomeka 550,000 na mtaji 3,050,000. Urari utalingana barabara, wala hakuna hata senti moja iliyoingia sandukuni, na zile 100,000 zilizoliwa hazitaonekana popote.