Neno Mpaka katika Usemi wa Kampeni: Mitaa ya Eastlands, Nairobi, 2013 na 2017

Usemi wa kampeni za uchaguzi haujapewa nafasi unayoistahili katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kenya. Wahakiki wengi wameshughulikia ngano, methali, nyimbo za jando na za arusi, wakauacha mhadhara wa kisiasa mikononi mwa wataalamu wa siasa. Nao wataalamu hao huhesabu kura na kuyapuuza maneno yaliyozileta. Hasara ni ya pande zote mbili. Mhadhara wa kampeni una fanani, una hadhira, una jukwaa, una vibwagizo na viitikio vyake. Tena una sifa moja ambayo ngano haina: hadhira yake huondoka hapo ikiwa na deni la kutenda jambo, nalo ni kupiga kura. Makala haya yanachunguza neno moja tu la usemi huo, neno mpaka, kama lilivyotumika na kusikika katika mitaa ya Eastlands, mjini Nairobi, hasa katika chaguzi za urais za mwaka 2013 na 2017.

Eastlands si jukwaa la kawaida. Kuanzia Pumwani, Kaloleni na Bahati, mitaa iliyojengwa enzi za ukoloni ili kuwaweka wafanyakazi Waafrika mbali na makazi ya wakubwa, hadi Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole zilizofuata baada ya uhuru, eneo hili limekuwa kitovu cha mikutano ya hadhara kwa muda mrefu. Huko ndiko chanzo cha Sheng kinakotafutwa na wanaisimu walio wengi. Uwanja wa Kamukunji, ulikopangwa mkutano wa tarehe 7 Julai 1990 wa kudai vyama vingi, mkutano uliopigwa marufuku na kuzimwa kwa nguvu, umekipa Kiswahili cha Kenya nomino mpya: wabunge au wanafunzi wakikutana kujadiliana husema wanafanya kamukunji. Ni watu wachache duniani ambao jina la uwanja wao limegeuka kuwa jina la tendo la kusemezana. Kwa hiyo mgombea anayefika huko na maneno matupu huwa amekwenda kuuza maji mtoni.

Kisarufi, neno mpaka lina maisha mawili. Likiwa nomino hutaja mstari unaotenga shamba na shamba, nchi na nchi. Wingi wake ni mipaka. Likiwa kihusishi halina wingi wala ngeli, nalo hutaja urefu wa safari au wa muda: kutoka Kariokor mpaka Kayole, tangu asubuhi mpaka jioni. Maana ya kwanza humzuia mtu; ya pili humwacha aende hadi afike. Wasemaji wa kampeni walishika ile ya kwanza. Wasikilizaji wao walikuwa na sababu za kuifikiria zaidi ile ya pili.

Kabla ya Oktoba 2011 mpaka wa Kenya na Somalia, wenye urefu wa kilomita 680 hivi, ulikuwa jambo la mbali kwa mkazi wa Makadara. Ulikuwa Mandera, Liboi na Kiunga, mahali panaposikika katika taarifa ya habari. Neno lililouwakilisha lilikuwa shifta, neno lililotoka Uhabeshi likiwa na maana ya haramia au muasi, ambalo katika vita vya 1963 hadi 1967 lilibandikwa wale waliotaka jimbo la kaskazini mashariki liungane na Somalia. Uteuzi wa neno hilo ulikuwa hukumu tayari: anayeitwa haramia hana hoja ya kusikilizwa, ana bunduki ya kunyang'anywa tu. Vita vilikwisha, neno likabaki, likarithiwa na watoto wa mjini ambao hawakujua lilitoka wapi.

Tarehe 16 Oktoba 2011, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipeleka majeshi Somalia kuwapiga Al-Shabaab. Siku nane baadaye gruneti zililipuka mjini Nairobi, katika baa ya Mtaa wa Mfangano na kwenye kituo cha mabasi karibu na Barabara ya Racecourse. Machi 2012 ilikuwa zamu ya kituo cha mabasi ya Machakos. Tarehe 30 Septemba 2012 lilishambuliwa kanisa la Barabara ya Juja wakati wa ibada ya watoto, na mtoto mmoja akauawa. Tarehe 18 Novemba matatu ililipuliwa Eastleigh. Siku hiyo na iliyofuata vijana waliwarukia Wasomali na maduka yao. Yaani katika muda wa miezi kumi na mitatu mpaka ulihama. Ukatoka jangwani, ukaja ukakaa kwenye kituo cha matatu.

Ifahamike vizuri ni nani aliyeumia. Westgate, Septemba 2013, liliwagusa wenye uwezo na dunia nzima ikalia. Lakini mashambulizi mengi ya mjini katika miaka hiyo, hadi ile milipuko ya soko la Gikomba ya tarehe 16 Mei 2014 iliyoua watu wasiopungua kumi, yaliwapata wapanda matatu, wauza mitumba, wanywaji wa baa za bei nafuu na watoto wa shule ya Jumapili. Mfanyakazi wa Eastlands hakuwa na mlinzi langoni wala gari lenye vioo vyeusi. Alipomtafuta mgombea atakayelinda mpaka, alikuwa anatafuta namna ya kufika kazini na kurudi. Mhakiki anayeuita uungaji mkono huo chuki ya kikabila, akaishia hapo, amesoma kichwa cha habari akaiacha habari yenyewe.

Pamoja na hayo, mwaka 2013 mpaka haukuwa silaha ambayo mgombea mmoja angeweza kumpigia mwenzake. Uhuru Kenyatta alikuwa Naibu Waziri Mkuu na Raila Odinga Waziri Mkuu katika serikali ileile iliyotuma majeshi. Majukwaa yalitawaliwa zaidi na suala la mahakama ya The Hague na la ardhi. Kenyatta alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa tarehe 4 Machi kwa asilimia 50.07 za kura, hali Nairobi yenyewe ikigawanyika karibu sawa, Odinga akitangulia kidogo. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba Eastlands ilimfuata mgombea mmoja kwa ajili ya mpaka.

Hata hivyo Kamukunji inadai kuangaliwa peke yake. Mbunge wake, Yusuf Hassan, Mkenya wa asili ya Kisomali, alijeruhiwa vibaya tarehe 7 Desemba 2012 bomu lilipolipuka karibu na msikiti huko Eastleigh. Miezi mitatu baadaye alichaguliwa tena, kwa tiketi ya chama cha Kenyatta, TNA. Hapa ndipo usemi wa usalama unapoonyesha hila yake. Hadhira ilikuwa moja na neno lilikuwa moja, lakini masikio yalikuwa mawili. Kwa mkazi wa Shauri Moyo usalama ulikuwa na maana ya polisi kuja. Kwa mkazi wa Eastleigh, ambaye katika miezi ileile alikuwa akisimamishwa usiku na kutakiwa atoe kitambulisho, na akikitoa atoe na kitu kidogo, usalama ulikuwa na maana ya polisi kuondoka. Wote wawili waliweza kupiga makofi kwa sentensi ileile. Hii ni fani iliyofanikiwa kwa kuficha maudhui. Mafanikio ya namna hiyo hudumu hadi siku ya utekelezaji.

Siku hiyo ilifika Aprili 2014. Baada ya mabomu ya tarehe 31 Machi kuua watu sita Eastleigh, serikali ilianzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengi wakapelekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani kuchunguzwa. (Watungaji wa majina ya operesheni za serikali ni washairi hodari kuliko wanavyosifiwa.) Jina hilo ni nusu kwa nusu: sehemu ya Kiswahili imebeba ahadi kwa mwananchi, sehemu ya Kiingereza imebeba jicho la dola. Jina la kabla yake, Linda Nchi, linastahili uchambuzi mrefu zaidi. Linda ni kitenzi cha amri, nafsi ya pili umoja, bila kiambishi cha nafsi. Anayeamriwa hatajwi: ni askari, au ni jirani? Lingekuwa Tulinde Nchi, msemaji angejitia katika kazi hiyo na katika hatari yake. Tena kinacholindwa ni nchi. Neno mwananchi limezaliwa na neno nchi, lakini katika amri hii mtoto ameachwa nje ya mlango. Kwa amri ya namna hii, mtu aliyezaliwa Pumwani, akasoma huko, akalipa kodi huko, aliweza kukamatwa ili nchi ilindwe, na hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa.

Methali nazo ziliajiriwa katika kazi hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako ni methali inayofaa sana pale msemaji anapotaka kuuhamisha mpaka na kuuleta ndani ya ploti moja, kati ya chumba na chumba. Kwa asili yake inamwonya mtu ajichunguze mwenyewe na walio karibu naye. Katika usemi wa usalama imegeuzwa ielekezwe kwa jirani aliyeteuliwa kwa sura yake. Kinyume chake ni methali ya ufa na ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema wahenga, na maana yake ni kwamba ukuta ni adhabu ya uzembe. Mwaka 2015 serikali ilianza kujenga kizuizi huko Mandera. Kilichotajwa kama ukuta kikawa ua wa seng'enge na handaki, na kufikia 2018 ni kilomita kumi hivi tu zilizokuwa zimekamilika. Katika usemi wa kampeni, adhabu iligeuzwa kuwa tiba, na ufa haukutajwa. Ufa huo ulikuwa hongo kwenye vizuizi vya barabarani, ambayo mkazi yeyote wa Eastlands angeweza kuieleza bila kuandikiwa hotuba.

Mwaka 2017 wagombea hatimaye waliachana. Tayari tarehe 7 Julai 2014, katika mkutano wa Saba Saba uliofanyika Uhuru Park, upinzani ulikuwa umedai majeshi yarudishwe nyumbani. Na katika kampeni ya 2017 Odinga aliahidi kuyaondoa Somalia. Kenyatta alishikilia kwamba yatabaki hadi Somalia itulie. Kati ya hapo yalitokea ya Garissa, Aprili 2015, ambako watu 148 waliuawa katika chuo kikuu, na ya El Adde, Januari 2016, ambako kambi ya wanajeshi wa Kenya ilivamiwa. Sasa kishazi kulinda mpaka kilikuwa na tafsiri mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja mpaka hulindwa kwa kusimama juu yake. Kwa upande wa pili hulindwa kwa kuuvuka na kumsubiri adui kwake. Hili lilikuwa suala la kweli, lenye maisha ya watu ndani yake, na mitaa ya Eastlands, ambayo ndiyo makazi ya familia nyingi za askari wa vyeo vya chini na za waliolipuliwa, ilistahili kulisikia likijadiliwa kwa lugha nyoofu. Badala yake, pande zote mbili zilitumia kishazi kilekile kwa sauti ileile. Mpigakura aliachiwa achague kwa rangi ya fulana.

Udhaifu huu haukutokana na uchanga wa lugha. Kiswahili kina kuvuka, kupenya, kuzingira, kudhibiti, kuchunga, kuzuia na kuhami, na kila kitenzi kati ya hivyo kingemlazimisha msemaji aseme ni nani atafanya nini, wapi, na kwa muda gani. Kulinda kulipendwa kwa sababu hakudai lolote kati ya hayo.

Ipo hadhira nyingine ambayo kampeni zote mbili ziliitaja bila kuisemesha: wale ambao mpaka kwao ni karatasi. Novemba 1989 serikali ilianza kuwachuja Wakenya wa asili ya Kisomali na kuwapa kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, ithibitishe uraia ambao majirani zao hawakutakiwa kuuthibitisha. Desemba 2012 ilitolewa amri wakimbizi wote waishio mijini wahamie Dadaab na Kakuma. Mahakama Kuu iliitengua Julai 2013. Utaratibu wa kuwahoji zaidi waombaji wa vitambulisho kutoka maeneo ya mpakani uliendelea hadi Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza huko Wajir kwamba umefutwa. Bila kitambulisho hakuna kujiandikisha kupiga kura. Kwa hiyo katika chaguzi hizo mbili, kijana wa Eastleigh aliyekuwa bado anangoja karatasi yake alisimama uwanjani, akawasikiliza wagombea wakieleza jinsi watakavyoulinda mpaka, kisha akarudi nyumbani kungoja wenzake wapige kura.