Daftari Mbili za Roger Ascham

Wako wazazi wengi wadhanio ya kuwa mtoto akisikika akisema Kiingereza njiani, basi amekwisha kukijua. Lakini mpeni mtoto huyo kalamu na karatasi, mwambieni amwandikie mtu barua ya kumweleza habari za mavuno, naye atakwama katika mstari wa pili. Maneno anayo, na kanuni za sarufi alizikariri hata akashinda mtihani. Kutunga ndiko kusikokuwako. Aandikayo ni Kiswahili kilichovikwa kanzu ya Kiingereza, na kanzu yenyewe haimkai.

Juu ya shida hii vimeandikwa vitabu vingi. Sisi twataka kuchungua kimoja tu, tena cha kale, tuone kina faida gani kwa shule zetu na kina upungufu gani. Jina lake ni *The Scholemaster*, maana yake Mwalimu wa Shule. Aliyekiandika ni Roger Ascham, Mwingereza, aliyekufa mwaka 1568 kabla ya kukimaliza. Mjane wake ndiye aliyekitoa kipigwe chapa London mwaka 1570.

Msomaji atauliza, Mwingereza wa zamani hizo ana neno gani la kutuambia sisi? Ajue kwamba Ascham hakuwafundisha wageni Kiingereza. Aliwafundisha watoto wa Kiingereza lugha ya Kilatini. Siku zile Kilatini hakikuwa lugha ya mama kwa mtu ye yote, lakini ndicho kilichokuwa mlango wa elimu ya juu. Kijana wa Kiingereza asiyejua kukiandika alibaki nje ya mlango, hata akiwa na akili nyingi. Hali hiyo twaijua. Katika Tanzania watoto walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha katika sekondari karibu masomo yote huwajia kwa Kiingereza. Basi Waingereza wenyewe waliwahi kusimama mahali tusimamapo sisi, nao iliwapasa kutafuta njia.

Kitabu kilizaliwa katika mazungumzo ya chakula. Desemba 1563 watu wa Malkia Elizabeth walikuwa Windsor kwa sababu ya tauni iliyokuwa London. Mezani Sir William Cecil, katibu mkubwa wa Malkia, akaleta habari ya kuwa wanafunzi kadha wa shule ya Eton wametoroka kwa kuogopa fimbo. Waliokuwapo wakagawanyika. Wengine waliitetea fimbo, wengine waliilaumu, na Ascham akawa upande wa wanaoilaumu. Baada ya chakula Sir Richard Sackville, aliyekuwa amesikiliza bila kusema neno, alimwita Ascham kando. Akamweleza ya kuwa yeye mwenyewe, alipokuwa mtoto, mwalimu mkali alimpiga hata akaichukia elimu, naye amejuta maisha yake yote. Akamwomba aandike njia iliyo njema ya kufundisha, ili mjukuu wake asipatwe na hayo.

Na njia yenyewe ni hii. Mwalimu huchagua barua fupi ya Cicero, mwandishi mkuu wa Kilatini, akamweleza mtoto maana yake kwa upole mpaka aielewe. Kisha mtoto huketi peke yake na kuitafsiri kwa Kiingereza katika daftari yake ya kwanza. Mwalimu hukitwaa kitabu cha Cicero, akakiweka mbali, na muda usiopungua saa moja hupita. Ndipo mtoto huchukua Kiingereza chake mwenyewe na kukirudisha katika Kilatini, katika daftari ya pili. Mwisho mwalimu hufungua Cicero, akaweka kando yake Kilatini cha mtoto, nao wakalinganisha neno kwa neno. Mtoto alipofaulu husifiwa. Alipopotoka hakemewi, huonyeshwa tu kwamba hapa Cicero angalitumia neno hili, na pale angaliupanga usemi hivi.

Ascham alikuwa na ushahidi. Elizabeth alikuwa mwanafunzi wake tangu mwaka 1548, alipokuwa bado binti wa mfalme tu. Mwalimu wake asema ya kuwa baada ya kujifunza mwanzo wa majina na vitenzi, hakushika tena kitabu cha sarufi ya Kiyunani wala ya Kilatini. Alitafsiri tu kwenda na kurudi kila siku, asubuhi Kiyunani na alasiri Kilatini, kwa muda wa mwaka mmoja au miwili, akawa stadi. Twakubali ya kuwa mwalimu wa malkia hana budi kumsifu malkia. Hata hivyo, Elizabeth aliendelea kutafsiri vitabu vya Kilatini hata uzeeni, wala hilo halikuwa la kumpendeza mwalimu, maana mwalimu alikuwa amekwisha kufa zamani.

Sasa tuijaribu njia hii kwa lugha zetu. Mwanafunzi amesoma sentensi ya Kiingereza, akaitafsiri vema: "Kitabu nilichokisoma kimepotea." Baada ya saa moja airudisha, naye aandika "the book which I read it". Lile neno la mwisho, "it", halikuwamo katika asili. Limetoka wapi? Limetoka katika silabi -ki- ya "nilichokisoma". Kiswahili chake ni sahihi, na kwa sababu ni sahihi kimemvuta. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angelikata neno hilo na kuendelea, na mwanafunzi angelirudia kosa kesho, kwa kuwa hajui lilikotoka. Lakini akiwa na karatasi tatu mbele yake, asili na tafsiri na marejeo, aliona kosa likivuka daraja kwa macho yake mwenyewe.

Tuchukue jingine. Kiswahili chasema "alikuja", wala hakijali kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza chadai kujua. Ndiyo sababu mwanafunzi huandika habari za mama yake kana kwamba ni mjomba. Tena Kiswahili chasema "mlango" tu, bali Kiingereza chauliza: ni mlango wo wote, au ule tunaoujua? Wala si sarufi peke yake. "Pole na kazi" ni maneno ya heshima kwetu, nayo hayaeleki kuvushwa. Akiyapeleka moja moja, Mwingereza atadhani ya kuwa mtu anaungama kosa au anaiomboleza kazi. Hapo mwanafunzi hujifunza jambo lililo kubwa kuliko msamiati, kwamba mahali pengine lugha ya pili haina neno, bali ina desturi nyingine, na mfasiri lazima aulize, Mwingereza angesema nini akikutana na mtu shambani? Huenda angemsalimu tu na kupita.

Kwa hayo twamsifu Ascham. Kosa kwake halikuwa hatia ya kuadhibiwa. Lilikuwa alama ya njia, yenye kuonyesha mahali lugha mbili zilipoachana. Lakini yatupasa kukipima kitabu chake pande zote, maana kina upungufu ambao mwalimu asipouona utamdhuru.

Kwanza, kilikusudiwa mtoto mmoja wa nyumba ya kitajiri mwenye mwalimu wake. Mwalimu wetu aliye na watoto sitini darasani hawezi kuketi na daftari mia na ishirini. Twaona yafaa wanafunzi wafanye kazi wawili wawili. Wa kwanza hutafsiri Kiingereza kwa Kiswahili. Wa pili, asiyeiona asili, hukirudisha. Kisha wote wawili hulinganisha, na mwalimu hupita akiwasaidia waliokwama.

Pili, Ascham aliogopa mtoto kuanza kukisema Kilatini mapema, asije akazoea maneno mabovu. Kwa lugha isiyo na wenyewe walio hai, hofu hiyo yaeleweka. Lakini Kiingereza chasemwa leo na watu wengi walio hai, na mtoto asiyethubutu kufungua kinywa mpaka awe hana kosa atakaa bubu. Hapa hatumfuati.

Tatu, kipimo chake kilikuwa Cicero tu. Mwalimu asiye na hekima ataona sentensi ya mwanafunzi imetofautiana na asili, naye ataihesabu kosa, ingawa ni Kiingereza safi. Asili ni kioo cha kujitazama, wala si kizimba cha kufungiwa.

Nne, na hili ndilo zito. Katika njia ya Ascham, hukumu yote yaangukia daftari ya pili. Lile daraja la lugha ya mama, lililombeba mtoto kwenda na kurudi, halipimwi sana kwa uzuri wake. Kwake halikuleta hasara kubwa, kwani yeye mwenyewe alikipenda Kiingereza. Mwaka 1545 alikuwa ametoa kitabu juu ya upigaji wa upinde, *Toxophilus*, kwa Kiingereza, naye akaitetea kazi ya kuandika kwa lugha ya watu wake wakati wasomi walipoona fahari kuandika Kilatini. Hata *The Scholemaster*, kitabu cha kufundisha Kilatini, alikiandika kwa Kiingereza.

Bali kwetu hasara ni kubwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, *Decolonising the Mind*, aeleza jinsi wanafunzi wa Kenya walioshikwa wakisema lugha ya kwao shuleni walivyopigwa, au wakavikwa kibao shingoni chenye maneno ya kuwatukana. Desturi ya namna hii haidhuru roho peke yake. Yaharibu hata Kiingereza kinachotafutwa. Mtoto aliyefundishwa kuionea haya lugha ya kwao hawezi kuitumia kama daraja. Hubaki na maneno ya Kiingereza aliyokariri na lugha ya nyumbani aliyoidharau, wala hana hata moja ya kuandikia jambo linalomwuma. Mwacha asili ni mtumwa. Kwa hiyo twasema daftari zote mbili zisahihishwe kwa bidii moja. Tafsiri ya Kiswahili iliyo chafu ipewe alama mbaya kama Kiingereza kilicho kichafu.

Na mtu akidhani ya kuwa Kiswahili hakiwezi kazi hiyo, amtazame Julius Nyerere, ambaye kabla ya kutawala alikuwa mwalimu wa shule. Alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963. Kisha akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Rais wa nchi hakuona aibu kurudia daftari yake. Mwaka 1969 ulio huo huo alitoa *Mabepari wa Venisi*. Tulirudishe jina hili katika Kiingereza kwa njia ya Ascham, nasi tutaona ajabu. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere ametaja wengi. Tena neno bepari, ambalo asili yake ni mchuuzi tu, siku zile za baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na maana ya mnyonyaji. Basi mfasiri ametoa hukumu tangu jalada. Wengine watasema amemzidishia Shakespeare. Wengine watasema amemfumbua. Sisi twaona alijua alitendalo, kwa kuwa neno "mfanyabiashara" lilikuwapo naye akaliacha. Jambo kama hilo likijadiliwa darasani, wanafunzi watajifunza kusoma kwa uangalifu zaidi ya kukariri orodha ya misemo.

Vitabu vya kazi hii si adimu kama idhaniwavyo. Askofu Edward Steere alitoa hadithi za Unguja mwaka 1870, *Swahili Tales*, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili, na hadithi zilizosimuliwa na watu wa pwani zina Kiswahili chenye ladha. Tena nyumba nyingi za vijijini zina Biblia ya Kiswahili, na huenda jirani akawa na ya Kiingereza. Mfano mmoja wa Injili watosha kazi ya juma zima. Ila tuonye mambo mawili. Kiingereza cha Biblia ya mwaka 1611 ni kizuri lakini ni cha kale, hakifai kuigwa katika barua ya leo. Itafutwe tafsiri mpya. La pili, Maandiko hayakuandikwa kwanza kwa Kiingereza, bali kwa Kiebrania na Kiyunani, pamoja na sehemu chache za Kiaramu. Biblia hizo mbili ni kama ndugu, wala si mama na mtoto. Zikitofautiana, mwanafunzi asiharakishe kusema Kiswahili kimekosea.

Mzazi asiyejua Kiingereza asidhani ya kuwa hana sehemu katika kazi hii. Mtoto arudipo na daftari yake ya kwanza, amwambie amsomee ile tafsiri ya Kiswahili. Mzazi akiielewa, na ikampendeza masikioni, daraja ni imara. Asipoielewa, amwambie mtoto airudie. Kwa maana asiyeweza kumweleza mama yake jambo kwa Kiswahili, jambo lenyewe hajalielewa bado, nalo halitamtoka vema kwa Kiingereza.