Rabeka apewe nafasi ya pili

Vijana wa Kitui na Makueni hutongozana kwa Kikamba, Kiswahili na Sheng. Mbona katika riwaya nyingi hutongozana kwa Kiingereza? Katika For Mbatha and Rabeka (1980), David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, anamchora Rabeka akiyumba kati ya Mbatha, mwalimu wa kijijini, na Mawa, mtanashati wa Nairobi. Kisa kinagusa, lakini kijiji na jiji vinasikika kwa sauti moja. Mnamo 1989, katika Without Kiinua Mgongo, Maillu alichanganya Kiingereza na Kiswahili. Mimi, mtetezi wa Kiswahili sanifu, nakiri: hapo ndipo niliposikia watu wetu wakiongea. Waandishi chipukizi, waacheni wapenzi wenu waseme wanavyosema nyumbani.