Tofali Lililosuguliwa

Kasri la Kew, magharibi mwa London, halikujengwa na mfalme. Lilikuwa nyumba ya mfanyabiashara Samuel Fortrey, na juu ya mlango ungali umechongwa mwaka 1631 pamoja na herufi za jina lake na la mkewe, Catherine. Ukoo wa kifalme uliingia baadaye. Malkia Charlotte alifia humo mwaka 1818. Wageni wengi hufuata habari hizo za wakubwa. Anayejua mwiko na timazi atakawia nje, akiutazama ukuta.

London haina mawe mazuri ya kujengea, lakini udongo wa matofali upo tele. Kwa hiyo nguzo bapa za ukutani na matao ya madirisha, ambavyo kwingine vingechongwa kwa jiwe, hapa ni tofali.

Upangaji wenyewe una nidhamu. Katika kila mstari tofali moja limelazwa ubavu, la pili limetoa kichwa, hivyo hivyo hadi pembeni. Na kila kichwa kimekaa katikati ya ubavu ulio chini yake, kwa mpishano kama wa ukili. Kichwa hicho ni ncha ya tofali lililozama ndani na kuufunga ukuta. Karibu na pembe fundi huingiza kipande chembamba, nusu ya upana wa kichwa, ili viungo visifuatane wima. Akikisahau, hesabu ya mstari mzima imeharibika.

Ugumu zaidi umo kwenye mapambo. Matofali yake ni ya udongo laini wenye mchanga, yanayokubali kukatwa na kusuguliwa kwa jiwe mpaka yafuate umbo linalotakiwa. La kwenye tao hupunguzwa upande mmoja liwe kabari. Kisha huunganishwa kwa chokaa laini, nyembamba mno. Chokaa nene humsitiri fundi mzembe. Nyembamba humwumbua, kwa kuwa tofali moja likizidi kidogo, tao lote linapotoka.

Katika ukarabati uliokamilika mwaka 2006, kuta zilipakwa chokaa nyekundu kama zamani. Anayependa kuona kila tofali na rangi yake anaweza kusikitika. Mimi naipenda chokaa hiyo: rangi ikiwa moja, jicho hubaki na kingo na vivuli tu, na hapo ndipo ustadi wa aliyesugua unapopimwa.