Mshipi Ndio Chubwi

Mvuvi wa kawaida akitaka chambo chake kifike mbali hufunga chubwi: risasi inatangulia, mshipi unafuata. Anayevua trauti kwa nzi wa bandia hana chubwi. Nzi huyo ni ndoana ndogo iliyovishwa nyuzi na manyoya ya kuku, na ukimtupa kwa mkono ataangukia miguuni pako. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa mnene na mzito makusudi. Ule wa namba 5, ambao wengi huanza nao, una gramu 9 hivi katika mita 9 za mwanzo. Gramu hizo ndizo zinazoupinda ufito, na ufito ukijinyoosha ndio unaoutuma mshipi mbele.

Nilifundishwa hayo na babu, ambaye ujanani aliwabebea wavuvi wa kizungu mizigo katika mito ya milima ya Nyandarua, Kenya, kabla hajashika ufito wake mwenyewe. Trauti ni mgeni huko. Mlowezi Ewart Grogan aliwaleta wale wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, wakatiwa mto Gura mwaka 1905, na maji baridi ya mlimani yakawakubali. Babu hakuwa na habari na Grogan. Habari yake ilikuwa kwapa langu.

Alinipa ufito usio na ndoana, mwisho wa mshipi akafunga kipande cha sufi nyekundu, akanisimamisha kwenye majani nyuma ya nyumba. Kisha akanibana gunzi la hindi kwapani. Gunzi likidondoka, maana yake kiwiko kimepaa na mkono mzima unarusha, wakati kazi ni ya kigasha, na kifundo cha mkono kinamalizia tu. Fikiria uso wa saa ya ukutani ulio ubavuni mwako, namba 12 ikiwa juu ya kichwa: ufito unarudi nyuma hadi namba 1 na kusimama ghafla, unaenda mbele hadi namba 10 na kusimama tena. Kusimama huko ndiko kunakofanya kazi. Ufito usiposimama, nguvu yake haihamii kwenye mshipi, na mshipi unaporomoka kama kamba ya nguo iliyokatika.

Katikati ya kurudi na kwenda pana kutulia, na hapo ndipo wanafunzi wengi hushindwa. Mshipi ukiwa bado unajikunjua nyuma yako, ukivuta mapema utasikia mlio wa mjeledi, na mara nyingi nzi amekatika. Walimu wengi humwambia mwanafunzi ahesabu. Sikubaliani nao. Kadiri unavyotoa mshipi mwingi ndivyo unavyochukua muda mrefu kunyooka, kwa hiyo hesabu iliyofaa kwa mita 6 itakuponza kwa mita 12. Babu alikuwa na neno moja: “Geuka!” Nigeuze shingo, niuone mshipi umenyooka, ndipo nisukume mbele. Nilipozoea kuona, mkono ukaanza kuhisi ule uzito unapofika mwisho.

Mtoni mambo hubadilika. Kingo za mito ya Nyandarua zina mianzi na vichaka, na anayerusha mshipi nyuma anavua matawi. Dawa yake ni kuviringisha. Unauburuta mshipi polepole juu ya maji kuja kwako, unainua ufito hadi karibu na sikio, kisha unangoja mshipi uning’inie nyuma ya bega kama tumbo, ncha yake ikiwa bado imelala majini. Maji yanaishika ncha hiyo, na mshiko huo ndio unaoupinda ufito badala ya uzito ulioko hewani. Ukisukuma mbele na kusimama, mshipi unajiviringisha juu ya maji mpaka mwisho. Hauendi mbali sana, lakini vijito hivyo havihitaji umbali.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa maji yanakotoka, akingoja kuletewa chakula. Kwa hiyo mkaribie kutoka chini, nyuma yake, ukiwa umeinama, umrushe nzi juu yake na kumwacha ashuke kwa mwendo wa maji. Mkondo wa katikati ukikimbia kuliko wa kando, utauvuta mshipi, na nzi ataburutwa jinsi mdudu wa kweli asivyokwenda. Trauti mkubwa hamgusi. Mara tu nzi anapotua, inua tumbo la mshipi kwa ncha ya ufito ulilaze upande wa juu wa mto. Utapata sekunde kadhaa za kuelea bila mburuto. Nimeona watu wenye fito za bei ya ng’ombe wakikosa samaki kutwa kwa kupuuza jambo hili, huku wakibadilisha nzi mmoja baada ya mwingine.

Kama una mjukuu anayekuandama kila ukienda mtoni, mwanzishie uwanjani kwa mita 6 za mshipi, sufi na gunzi. Ndoana mfungie gunzi likishaacha kudondoka.