Mtindo Kama Hoja: Mpangilio wa Matini na Sauti ya Msimulizi katika Tasnifu za Fasihi Simulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, fani na maudhui hutenganishwa kwa ajili ya uchambuzi tu. Kazi yenyewe huvibeba vyote kwa pamoja. Kanuni hiyo tunayoitumia kwa riwaya na tendi huachwa tunapoandika tasnifu. Mpangilio wa matini huhesabiwa kuwa kazi ya mpiga chapa. Sehemu hii inapinga mtazamo huo.

Programu ya kuandikia humpa mtafiti njia mbili. Ya kwanza ni kuteua maneno na kuyakoza au kuyawekea italiki moja baada ya jingine. Ya pili ni kuyapa mtindo wenye jina: kichwa cha sura, aya, dondoo, ubeti. Njia ya kwanza huonesha maneno yanavyoonekana. Ya pili hutaja maneno hayo ni nini.

Tuchukulie tasnifu kuhusu simulizi za Kinyambo zilizokusanywa Chonyonyo, wilayani Karagwe. Humo mna maneno ya msimulizi, tafsiri ya Kiswahili na ufafanuzi wa mtafiti. Kwa mazoea, italiki hubebeshwa mzigo wote: Kinyambo, majina ya vitabu, istilahi na msisitizo. Mtahini akiagiza Kinyambo pekee kiandikwe kwa namna nyingine, mtafiti hulazimika kupekua kila ukurasa, na mipaka ya sauti hizo huvurugika. Aidha, programu inayodhani kuwa matini yote ni ya Kiingereza huweza kubadili neno la msimulizi bila kuulizwa. Hilo si dogo: Rugemalira (1993), akichambua vitenzi vya Kinyambo, anaonesha jinsi viambishi vya mnyambuliko vinavyoathiri muundo mzima wa kiarifu. Mtindo uitwao "Msimulizi", uliofungamanishwa na taarifa ya lugha, hupunguza hatari hiyo.

Huenda ikadaiwa kuwa ufundi huu ni wa Kiingereza. Dai hilo halina nguvu, kwani mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, tangu mwaka 2004. Kikwazo kikubwa zaidi ni miongozo ya uandishi inayodai aina ya herufi na upana wa pambizo, lakini haidai muundo. Miongozo hiyo humfikiria msomaji wa nakala ya karatasi. Msomaji wa hazina ya mtandaoni hufungua faili kwa simu akitafuta sura ya nne. Asiyeona husikiliza akiruka kutoka kichwa hadi kichwa. Kichwa kilichokozwa tu hakiwasaidii wote wawili.

Ni kweli kwamba mitindo haiokoi hoja dhaifu. Hata hivyo, tasnifu isiyobainisha nani anasema wapi imeacha sehemu ya uchambuzi wake bila kufanywa. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba watahini wakague pia faili lenyewe, si nakala iliyochapwa pekee.